Gunia Lililojaa Wafanyakazi

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, watoto. Mliokaa nyuma njooni mbele. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi, na hakuna anayedanganywa mpaka akatumbukia kisimani. Wahusika wake ni wadogo mno, wengine hata hawaonekani kwa macho, lakini wote wapo kweli na wanafanya kazi hivi sasa tunapozungumza.

Tuanze na msichana mmoja. Alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, huko Nyeri nchini Kenya, akaitwa Wangari. Mama yake alikuwa mkulima. Wangari akiwa bado mdogo, mama alimmegea kipande cha ardhi katikati ya shamba lake kiwe bustani ya mtoto. Wangari akalima, akapanda, kisha kungoja kukamshinda. Akawa anafukua udongo ili aone mbegu zimefikia wapi. Mama yake akamkanya. Akamweleza kwamba mbegu zina kazi yao na zitaifanya zenyewe. Azifunike, aziache, zitatoka. Na kweli zikatoka.

Mtoto huyo ndiye tuliyekuja kumjua baadaye kama Profesa Wangari Maathai. Mwaka 1977 alianzisha harakati za Ukanda wa Kijani, ambazo kupitia kwazo wanawake wa Kenya walipanda miti kwa mamilioni. Mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Amani ya Nobel. Habari za ile bustani yake ya utotoni alizisimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake.

Neno la mama yule ndilo ninalotaka tulishike leo: mbegu ina kazi yake. Basi kazi hiyo ni ipi? Nani wengine wanafanya kazi humo udongoni? Na kama wao ndio wanaofanya kazi, sisi tumebakiziwa ipi?

Nasikia mmoja ananong'ona, "Lakini sisi kwetu hakuna shamba." Wengi hatuna, mwanangu. Nyumba za mjini zimebanana, na uani pana kamba ya nguo na ndoo za maji tu. Ndiyo maana hadithi yetu itakaa ndani ya gunia moja. Huko Kibera, jijini Nairobi, ambako baadhi ya vichochoro mtu huvipita ubavu, familia nyingi hulima mboga ndani ya magunia. Kilimo hicho kilienea sana kuanzia mwaka 2008, baada ya vurugu zilizofuata uchaguzi, wakati chakula kilipokuwa shida kupatikana. Gunia husimamishwa mlangoni au nyuma ya jiko, na sukuma wiki huota ubavuni mwake kuanzia chini hadi juu.

Tulitengeneze letu. Tafuta gunia la kilo 50 au 90 lililobeba mahindi, mchele au maharage. Lililobeba dawa za shambani liache kabisa, maana mabaki ya sumu hayaondoki kwa kukung'uta. Kisha changanya udongo na samadi: ndoo mbili za udongo kwa ndoo moja ya samadi iliyooza. Nimesema iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi michanga. Iliyooza vizuri haina tena ile harufu kali, na ukiishika inamomonyoka mkononi.

Kama kwenu hakuna ng'ombe, mbuzi wala kuku, jikoni kuna hazina. Maganda ya ndizi na viazi, mabua ya mchicha, majani ya chai yaliyokwisha kutumika, maganda ya mayai yaliyopondwa: virundike mahali pamoja na majani makavu, vinyunyizie maji kidogo, vigeuze kila baada ya siku chache. Ukiingiza mkono katikati ya rundo utahisi joto. Joto hilo linatoka kwa viumbe wadogo wasioonekana ambao wanakula na kuongezeka humo ndani. Baada ya miezi miwili au mitatu rundo litakuwa mboji nyeusi yenye harufu ya ardhi iliyonyeshewa. Nyama, samaki na chakula chenye mafuta usiviweke, vitaita panya.

Sasa mwombe mkubwa akukatie kopo kubwa pande zote mbili, juu na chini, libaki bomba tupu. Simamisha kopo hilo katikati ya gunia, ulijaze kokoto, halafu ujaze udongo kulizunguka. Livute juu taratibu. Kokoto zitabaki mahali pake, udongo pembeni. Jaza kokoto tena, jaza udongo tena, vuta tena, mpaka ufike juu. Gunia lako sasa lina nguzo ya mawe iliyosimama katikati yake.

Ya nini nguzo hiyo? Ukimwaga maji juu ya gunia lisilo na kokoto, udongo wa juu unayanywa karibu yote, na mboga za chini zinabaki na kiu. Kati ya kokoto na kokoto pana nafasi. Maji hushuka humo hadi chini, yakisambaa pembeni njia nzima, kila mmea ukapata fungu lake.

Toboa ubavuni matundu madogo ya kupandia miche ya sukuma wiki, kila tundu liwe umbali wa shibiri moja kutoka kwa jingine, na safu zipishane. Liweke gunia mahali panapopata jua kwa muda usiopungua saa sita kila siku. Lichagulie mahali kabla ya kulijaza, maana likishajaa udongo na maji, hata mjomba mwenye misuli hatalisogeza.

Nyumba iko tayari. Tuwakaribishe wafanyakazi.

Wa kwanza ni mbegu. Chukua mbegu za mchicha, uzimwage kiganjani. Nyeusi, zinang'aa, na ni ndogo hivi kwamba gramu moja ina punje zaidi ya elfu. Katika kila punje mna kiinitete, yaani mmea mchanga uliokwisha kuumbwa, na pembeni yake mna akiba ya chakula. Vyote vimefungwa ndani ya ganda gumu. Punje inaweza kukaa hivyo kwenye chupa kavu mwaka mzima na zaidi, iko hai, inangoja.

Inangoja maji. Maji yakiingia, punje huvimba, ganda hupasuka, na kitu cha kwanza kutoka ni mzizi. Jani bado. Mzizi hutangulia kwa sababu bila kushika ardhi na kunywa maji, mmea hauwezi kusimama. Na hapa pana jambo la ajabu. Panda punje kichwa chini, panda ubavu, panda vyovyote: mzizi utapinda uelekee chini, na shina litapinda lielekee juu. Ndani ya giza hilo mmea mchanga unahisi mvuto wa dunia na kujua chini ni wapi.

Mzizi huo umeota vinyweleo vyembamba sana, na hivyo ndivyo vinavyonyonya maji. Ukifukua, vinakatika. Sasa mmeelewa mama yake Wangari alikuwa anazuia nini.

Mtu anauliza, "Nifukie kina gani?" Swali zuri. Mbegu huzikwa kina cha mara mbili au tatu ya unene wake. Kunde nene izame kiasi cha pingili moja ya kidole. Mchicha unyunyizie juu, halafu uufunike kwa udongo laini kidogo sana. Mbegu ndogo ina akiba ndogo, na ukiizika mbali akiba itakwisha kabla haijaona mwanga. Kwa kuwa punje za mchicha ni ndogo na hupenda kumwagika pamoja, zichanganye kwanza na mchanga mkavu, ndipo unyunyize. Mwagilia polepole, udongo uwe na unyevu lakini usiwe tope, kwa maana mbegu inapumua, na udongo uliojaa maji hauna hewa. Siku ya tatu hadi ya tano utaona majani mawili madogo yamechomoza.

Akiba ya mbegu inapokwisha, anaingia kazini mfanyakazi wa pili. Huyu ni jani.

Zamani watu waliamini kwamba mmea hula udongo. Katika karne ya 17 aliishi Jan Baptist van Helmont, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, naye akataka kuhakikisha. Alikausha udongo, akapima kiasi cha kilo 90, sawa na gunia letu kubwa, akautia katika chombo na kupanda mti mchanga wenye uzito wa kilo mbili na kidogo. Akaumwagilia maji kwa miaka mitano. Mwishoni akaupima: mti ulikuwa na kilo zaidi ya 70. Akaukausha udongo ule na kuupima tena. Ulikuwa umepungua gramu 60 hivi tu!

Basi zile kilo zote zilitoka wapi? Yeye alijibu: kwenye maji. Alipata sehemu ya jibu. Sehemu nyingine kubwa ilikuwa inapita mbele ya pua yake bila kuonekana, nayo ni hewa. Jani lina rangi ya kijani iitwayo umbijani, na rangi hiyo hunasa nguvu ya jua. Kwa nguvu hiyo jani huchukua maji yaliyopanda kutoka mizizini na hewa ya ukaa iliyoingia kwenye vitundu vyake vidogo, likatengeneza sukari. Kazi hii huitwa usanisinuru. Kutoka kwenye sukari hiyo mmea hujenga shina, mzizi, tunda na majani mapya. Kinachobaki ni oksijeni, ambayo jani huitoa nje, nasi tunaivuta. Kila tonge la mchicha unalokula limejengwa kwa maji, hewa na jua.

Na zile gramu 60? Usizidharau. Hayo ni madini ambayo mmea huyatoa udongoni, na kidogo hicho kikikosekana mmea hudhoofika. Kuyaandaa ni kazi ya wafanyakazi wa chini.

Chimba kidogo kwenye udongo wenye unyevu utamkuta nyungunyungu. Hana macho, hana masikio, hana mapafu. Anapumua kwa ngozi yake, ndiyo maana hukimbilia penye unyevu na hufa akikaukiwa na jua. Anakula majani yaliyooza, na kinyesi chake ni chakula kizuri cha mimea. Njia anazochimba ndizo hewa na maji yanapopita. Ukimkuta, mrudishe udongoni ukamfunike.

Kisha panda mikunde michache ya kunde juu ya gunia. Baada ya wiki kadhaa, ng'oa mmoja kwa uangalifu, usuuze mizizi yake. Utaona vinundu vidogo vimeshikamana nayo. Usidhani ni ugonjwa. Pasua kimoja kwa ukucha, na kikiwa hai ndani kitakuwa na rangi ya waridi. Humo wanaishi bakteria. Karibu asilimia 78 ya hewa yote tunayovuta ni naitrojeni, ambayo mimea huihitaji sana ili itoe majani, lakini haiwezi kuichukua moja kwa moja kutoka hewani. Bakteria hawa wanaweza. Wanaichukua, wanaigeuza, wanampa mkunde, naye mkunde anawalipa sukari iliyotoka kwenye majani yake. Ukimaliza kuvuna kunde, kata shina na uiache mizizi ioze humo humo. Mboga zitakazofuata zitafaidi.

Sasa, bustani yoyote yenye majani mazuri hupata wageni ambao haikuwaalika. Siku moja utaona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina la sukuma wiki. Usiwapite. Fuata msafara wao, kisha geuza jani utazame chini yake. Huenda ukawakuta vidukari, wadudu wadogo laini ambao wakulima wengi huwaita wadudu mafuta. Wanatoboa jani na kunyonya utomvu wake, halafu wanatoa majimaji matamu. Sisimizi wanakuja kunywa utamu huo, na kwa ajili yake huwalinda vidukari wasiliwe. Vidukari jike huzaa watoto wengi hata bila dume, kwa hiyo leo ni watano, wiki ijayo wamejaa jani zima.

Ukiwaona mapema, kidole na maji vinatosha: wafute, waoshe. Wakizidi, tumia maji yenye sabuni kidogo, na uyapulize chini ya majani. Lakini kabla ya kufanya lolote tazama kama kuna mdudu wa mviringo mwenye mgongo mwekundu na madoa meusi. Huyo hula vidukari, na watoto wake, ambao wana umbo refu lenye miiba laini na wala hawafanani naye, huwala pia. Anayepuliza sumu kali kwa pupa humuua na huyu msaidizi, kisha vidukari wanarudi na hakuna wa kuwazuia. Dawa za shambani, watoto, si vitu vya kuguswa na mikono yenu. Mkiona chupa yake, mwiteni mkubwa.

Tuseme juu ya gunia tulipanda pia mche mmoja wa nyanya, na sasa umetoa maua ya manjano. Chavua ya ua la nyanya imefichwa ndani ya vifuko vyenye tundu dogo sana, haimwagiki mpaka ua litikiswe. Upepo husaidia. Nyuki wakubwa weusi, wale wanaotoboa mbao, husaidia zaidi: hulishika ua, wakavuma kwa nguvu, chavua ikawamwagikia. Kama kwenu nyuki ni wachache, gusa shina la maua kwa kidole asubuhi, ulitikise taratibu. Hapo umefanya kazi ya nyuki. Siku chache baadaye, nyuma ya ua lililonyauka, utaona kinyanya cha kijani kidogo kuliko punje ya hindi.

Tumesema mboga. Tusisahau viungo, maana chakula bila harufu nzuri hakikamiliki. Hivi havihitaji hata gunia. Ndoo iliyopasuka au dumu la mafuta lililokatwa linatosha, mradi chini pana matundu ya kutolea maji.

Giligilani, ambayo wengine huiita dania, ina siri. Kile kipunje cha mviringo unachokiona kina mbegu mbili zilizofunikwa pamoja. Kisugue taratibu chini ya chupa mpaka kigawanyike, uloweke usiku mmoja, ndipo upande. Usikate tamaa upesi, inaweza kuchukua wiki mbili kuota. Haipendi kuhamishwa wala joto kali. Joto likizidi hukimbilia kutoa maua na majani yanakwisha.

Nanaa haihitaji mbegu. Omba tawi kwa jirani, ondoa majani ya chini, litie kwenye glasi ya maji. Baada ya wiki moja au mbili mizizi myeupe itatokeza, na kwa kuwa glasi inaonyesha ndani, utatazama mizizi ikikua bila kufukua chochote. Ukiihamishia udongoni ipe chombo chake peke yake, kwani hutambaa na kuwanyang'anya wenzake nafasi.

Mrehani ukate ncha mara kwa mara. Kila unapokata ncha moja, matawi mawili huchipua chini yake, nao unakuwa kichaka. Sugua jani lake unuse. Harufu ile imo ndani ya vifuko vidogo vya mafuta vilivyo juu ya jani, na mmea haukuitengeneza kwa ajili ya pua zetu. Ni kinga yake dhidi ya baadhi ya wadudu wanaotaka kuula. Mchaichai nao ukishapata shina moja lenye mizizi, litazaa fungu zima. Kingo za majani yake hukata mkono, basi tumia kisu ukiwa na mkubwa.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mbegu inafanya kazi. Jani linafanya kazi. Nyungunyungu, bakteria, nyuki, yule mdudu wa madoa, wote wamo kazini. Wewe je?

Wewe ndiye mwenye macho. Kazi yako kubwa ni kutazama kila siku, kisha kutoa kile kilichopungua. Na mimea hukuonyesha wazi. Chukua mfano wa maji. Usimwagilie kwa mazoea. Ingiza kidole udongoni. Kikitoka kikavu, mwagilia. Kikitoka na udongo wenye unyevu, ngoja. Majani yakilegea saa saba mchana juani, si lazima yawe na kiu, mengi husimama tena jioni. Yakiwa yamelegea alfajiri, hapo upe mmea maji haraka. Mwagilia asubuhi na mapema au jioni, wakati jua haliyafukuzi maji, nawe uyaelekeze kwenye udongo na kokoto badala ya majani, kwa sababu majani yakilala na maji usiku hupata magonjwa ya ukungu. Funika udongo wa juu kwa majani makavu. Matandazo hayo huzuia maji yasikauke na siku moja yataoza yawe chakula.

Tazama rangi. Majani ya chini yakigeuka njano wakati ya juu bado ni kijani, huenda mmea umekosa naitrojeni: unaiondoa kwenye majani mazee na kuipeleka kwa machanga. Ongeza mboji au samadi iliyooza. Tazama umbo. Miche ikirefuka, ikiwa myembamba na kuinamia upande mmoja, inatafuta mwanga. Sogeza kinachoizibia jua. Ikiota kwa kusongamana, ng'oa michache ili mingine ipate nafasi, na hiyo uliyong'oa usiitupe, ndiyo mboga yenu ya kwanza.

Naam, mboga. Mchicha huwa tayari kwa wiki tatu au nne. Ukiukata juu ya pingili za chini badala ya kuung'oa, utachipua tena. Sukuma wiki chuma majani ya chini, uuache moyo wa juu uendelee. Matembele chuma ncha changa, na vikonyo vyake ukivichomeka ardhini penye unyevu vitaota. Osha mboga vizuri kwa maji safi, na hata siku moja usimwagilie bustani kwa maji ya mtaroni.

Wahenga wamesema mgagaa na upwa hali wali mkavu. Anayetembeatembea ufukweni hakosi kitoweo, na anayelizunguka gunia lake kila asubuhi hakosi mboga ya kulainisha ugali. Majani ya kijani kibichi yana madini ya chuma, ambayo damu inayahitaji, na yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayotusaidia kuona penye mwanga hafifu. Kitu hicho hufyonzwa vizuri kukiwa na mafuta kidogo, kwa hiyo bibi anapotia tui la nazi kwenye mchicha au kunde anafanya jambo la maana kwa ulimi na kwa mwili.

Msione haya kwa mboga za asili. Yupo Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Utotoni mwili wake ulikataa vyakula vitokanavyo na wanyama, akakua kwa mboga za kienyeji: mnafu ambao Kenya huitwa managu, mgagani unaoitwa pia saga, kunde, mlenda. Alipokua alikuta watu wengi wakiziita magugu au chakula cha maskini. Akazifanya kuwa somo la maisha yake: akapima virutubishi vyake, akatafuta njia bora za kuzipanda, akawafundisha wakulima. Leo mboga hizo zinauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi. Mnafu, hata hivyo, upikwe vizuri, na vitunda vyake vya kijani visiliwe, vina sumu.

Imebaki kazi moja, na watu wengi huisahau. Katika mavuno yako, acha mchicha mmoja, ule ulio na afya kuliko yote. Usiukate. Uache urefuke, utoe masuke, ukauke. Kisha yakung'ute masuke hayo juu ya gazeti, upepete makapi, na utazame. Mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu. Zitie kwenye chupa kavu, andika jina na mwezi, uziweke mahali pakavu pasipo joto. Huko Arusha lipo tawi la Kituo cha Mboga cha Dunia ambalo linahifadhi mbegu za mboga za Afrika kwa namna hiyohiyo, kwa uangalifu mkubwa zaidi, ili aina za zamani zisipotee. Chupa yako ni ndogo, kazi ni ileile.

Basi kesho, watoto, fanyeni hivi. Waombeni wazazi gunia kuukuu. Anzeni kuweka maganda ya jikoni kando. Tafuteni mwenye mbegu mumwombe, na mbegu zenu zikipatikana, wekeni sehemu mbili: moja ya kupanda tena, nyingine ya kumpa mtoto ambaye bado hana gunia. Mkimpa mwelezeni amwagilie, atazame kila siku, na asifukue.